Baridi yafichua kilichofichwa katika magari ya umeme

KATIKATI ya Januari 2024, jiji la Chicago nchini Marekani lilikumbwa na baridi kali iliyoteremka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Picha zilizosambaa ulimwenguni siku hizo zilikuwa za magari ya Tesla yaliyopiga foleni kwenye vituo vya kuchaji umeme, baadhi yakiwa yameishiwa na nguvu kabla ya zamu yao kufika, na wenyewe wakingoja kukokotwa.

Kwa wale ambao tangu awali hawakuyapenda magari ya umeme, kesi ilikuwa imekwisha. Betri na baridi haviivi chungu kimoja, walisema, na anayeishi penye theluji afadhali abaki na petroli yake.

Lakini siku chache tu kabla ya hapo, kaskazini mwa Ulaya kulikuwa na baridi iliyoifanya ile ya Chicago ionekane kama mchezo. Huko Kautokeino, kaskazini kabisa mwa Norway, kipimajoto kilisoma nyuzi 43.5 chini ya sifuri mnamo Januari 5. Norway ni nchi ambayo mwaka uliotangulia, 2023, zaidi ya magari manane katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Iwapo baridi ndiyo adui asiyeshindika wa betri, nchi hiyo ingesimama kabisa.

Haikusimama. Ni kweli kwamba mabasi ya umeme ya jiji la Oslo yalitatizika na safari nyingi zikafutwa, na barabara kadha zikazibwa na theluji. Hata hivyo, watu waliokuwa na magari yao binafsi waliendelea na shughuli zao, na wananchi hawakupoteza imani. Mwaka wa 2025, asilimia 95.9 ya magari mapya yaliyosajiliwa nchini humo yalikuwa ya umeme.

Tofauti ya Chicago na Norway haiwezi kuelezwa kwa baridi pekee, maadamu aliyepatwa na baridi kali zaidi ndiye aliyepata taabu ndogo. Wala si suala la aina ya magari, kwa kuwa Tesla Model Y ndilo lililoongoza kwa mauzo Norway mwaka huo wa 2023. Jibu halina budi kutafutwa kwingineko: katika kile ambacho mwenye gari aliambiwa alipolinunua, na katika mahali gari hilo linapolala usiku.

Kwanza, ni vyema kufahamu kinachotendeka ndani ya betri. Betri za magari haya huhifadhi nishati kwa njia ya kemikali. Chembechembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine zikipitia katika kiowevu, na safari hiyo ndiyo huzaa umeme. Baridi inapozidi, kiowevu hicho huwa kizito, mfano wa mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, nazo chembechembe hupenya kwa shida. Betri iliyojaa hushindwa kutoa nguvu zake zote. Nishati yenyewe haijapotea. Imefungiwa tu ndani, na betri ikipata joto tena hurejea karibu yote.

Kuchaji kukiwa na baridi ni jambo jingine, tena la hatari zaidi. Umeme ukisukumwa kwa kasi ndani ya betri iliyopoa mno, lithiamu hukosa wasaa wa kuingia inakostahili kuingia, ikabaki imejibandika juu mfano wa ukoko chunguni. Uharibifu huo hautengenezeki. Ndiyo sababu watengenezaji wameweka kompyuta ndani ya gari ambayo huzuia chaji isiingie kwa kasi hadi betri ipate joto la kutosha. Dereva anayefika kituoni akitarajia kuondoka baada ya nusu saa hujikuta ameketi hapo saa mbili. Nyuma yake wengine wanazidi kufika.

Pamoja na hayo, betri yenyewe siyo mshukiwa mkuu. Mwaka wa 2019 shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilijaribu magari matano ya umeme katika maabara yenye baridi ya takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Magari hayo yalipoendeshwa hita ikiwa imezimwa, umbali ambao yangefika kwa chaji moja ulipungua kwa asilimia 12 kwa wastani. Hita ilipowashwa ili kumpa dereva joto la kawaida, umbali huo ulipungua kwa asilimia 41.

Yaani sehemu kubwa ya umeme uliopotea haikumezwa na baridi. Ilitumiwa kumpasha mtu joto.

Hapa pana kinaya ambacho watetezi na wapinzani wa magari haya aghalabu hukiruka. Injini ya petroli ni mbadhirifu mkubwa. Zaidi ya nusu ya nishati iliyomo katika kila lita ya mafuta hugeuka kuwa joto lisilosukuma gurudumu hata moja, na joto hilo hutolewa nje kupitia rejeta na ekzosi. Wakati wa baridi, hasara hiyo hugeuka kuwa baraka, kwani kiasi kidogo tu cha joto hilo kikielekezwa ndani ya gari, abiria wanaota moto bila kulipa senti zaidi. Mota ya umeme haina ubadhirifu wa namna hiyo. Karibu nishati yote inayopewa huenda kwenye magurudumu, basi hakuna joto la bure la kumgawia dereva. Joto lote hununuliwa kutoka kwenye betri ileile.

Hesabu yake si ngumu. Chukua gari lenye betri ya kilowati-saa 60, linalotumia kilowati-saa 15 kwa kila kilomita 100. Siku yenye hali ya hewa ya wastani, gari hilo litafika kilomita 400. Likienda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, safari hiyo itachukua saa tano. Sasa hita iwashwe, nayo itumie kilowati tatu kila saa. Gari litasafiri kwa saa nne badala ya tano na kuishia kilomita 320. Moja kwa tano imepotea, kiasi kinachovumilika.

Lakini gari lilo hilo likinaswa na msongamano mjini na kujikokota kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hita humeza umeme sawa na ule unaomezwa na magurudumu. Kilomita 400 zitakuwa 200. Magurudumu hutoza kwa kilomita, ilhali hita hutoza kwa saa, na mwenye gari asiyelijua hili hushangaa kuona kwamba safari fupi za mjini ndizo zinazomfilisi. Tena kila anapoegesha kwa saa kadhaa na kurejea, gari limepoa tena na kazi ya kulipasha joto huanza upya.

Zipo sababu nyingine ndogondogo. Hewa yenye baridi ni nzito. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri, uzito wake hupita ule wa hewa ya nyuzi 20 kwa asilimia 16 hivi, na gari linalokwenda kasi barabara kuu hulazimika kuipasua hewa hiyo. Tairi za theluji ni laini na huburura. Barabara yenyewe ikiwa na tope la theluji humvuta mtu nyuma kama mchanga wa pwani.

Watengenezaji hawakukaa wakikunja mikono. Nissan iliiweka pampu ya joto katika gari lake la Leaf la mwaka wa 2013, na Tesla ikafuata katika Model Y mwaka wa 2020. Pampu hiyo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: hukusanya joto lililopo nje, hata kama ni dogo, na kulisukuma ndani. Hutumia umeme mchache zaidi kuliko hita ya kawaida. Hata hivyo, kadiri baridi inavyozidi ndivyo joto la kukusanywa linavyopungua, na katika baridi ile ya Kautokeino faida yake huwa haba.

Je, gari la umeme hupoteza kiasi gani barabarani, mbali na maabara? Jibu la kuaminika zaidi hutoka kwa shirika la wenye magari la Norway, NAF, ambalo tangu mwaka wa 2020 limekuwa likiandaa jaribio kila msimu wa baridi. Magari huondoka pamoja eneo la Oslo, huelekea kaskazini na kupanda milimani, na huendeshwa bila kuchajiwa hadi yazimike. Hakuna anayejaribu kubana matumizi kwa kuzima hita.

Katika jaribio la kwanza la 2020, magari 20 yalipoteza asilimia 18.5 kwa wastani yakilinganishwa na umbali uliotangazwa na watengenezaji. Mwaka wa 2024, Tesla Model 3 iliyotangazwa kuwa hufika kilomita 629 iliishia kilomita 441. Kilomita 188 ziliyeyuka, umbali unaozidi ule wa kutoka Nairobi hadi Nakuru. Katika jaribio hilohilo gari la Kichina, HiPhi Z, lililotangazwa kuwa hufika kilomita 555, lilifika 522, upungufu usiofika hata asilimia sita. (Ushindi huo haukulisaidia. Februari 2024 kampuni iliyolitengeneza ilisimamisha uzalishaji kwa kukosa fedha.)

Kisha kukaja jaribio la Januari 2026, lililofanywa katika baridi iliyozidi nyuzi 30 chini ya sifuri mahali pengine njiani. Lucid Air, gari la kifahari la Marekani linalotangazwa kuwa hufika kilomita 960, lilizimika baada ya kilomita 520. Hakuna gari lililofika mbali zaidi yake siku hiyo, lakini pia hakuna lililokuwa na pengo kubwa hivyo la kilomita kati ya ahadi na tendo. Hata magari yaliyojitahidi zaidi yalipoteza zaidi ya robo.

Matokeo haya yanafunza jambo moja: hakuna asilimia moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo hasara ya baridi. Asemaye magari ya umeme hupoteza nusu ya umbali na asemaye hupoteza moja kwa kumi wote wawili wanaweza kutoa ushahidi. Inategemea ni gari gani, baridi kiasi gani, mwendo upi na safari ndefu au fupi.

Ikiwa ni hivyo, nambari inayoandikwa kwenye karatasi ya mauzo hutoka wapi? Barani Ulaya hutoka katika kipimo kinachoitwa WLTP, kilichoanza kutumika mwaka wa 2017 kuchukua nafasi ya kipimo cha zamani cha NEDC ambacho kilikuwa kichekesho. Gari huwekwa ndani ya maabara juu ya mitambo inayozunguka na kuendeshwa kwa mwendo ambao wastani wake ni kilomita 46.5 kwa saa. Joto ndani ya maabara ni nyuzi 23. Hita imezimwa, na kiyoyozi kadhalika.

Nyuzi 23 ni joto la adhuhuri tulivu jijini Nairobi. Mkazi wa Oslo huliona hasa wakati wa kiangazi. Nambari iliyopatikana hivyo si uongo, kwa kuwa ilipimwa kihalali na gari lolote linaweza kulinganishwa na jingine kwa kipimo hicho. Lakini ni nusu ya ukweli, na mnunuzi huuziwa nusu hiyo kana kwamba ndiyo nzima.

Ushahidi wa jinsi nambari hizi zinavyoyumba ni Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 iliyozinduliwa mwaka wa 2017. Nchini Japani, kwa kipimo kilichotumika wakati huo, ilitangazwa kuwa hufika kilomita 400. Ulaya, kwa WLTP, gari lilo hilo lilipewa kilomita 270. Marekani, ambako shirika la serikali la kuhifadhi mazingira huchukua matokeo ya maabara na aghalabu kuyapunguza kwa asilimia 30 ili yakaribiane na maisha ya kawaida, lilipewa maili 151, yaani kilomita 243. Betri moja, mota moja, na tofauti ya zaidi ya kilomita 150 iliyotokana na karatasi tupu.

Korea Kusini ndiyo iliyolivalia njuga suala hili. Nchi hiyo, ambayo majira yake ya baridi ni makali, hupima pia umbali wa gari katika takriban nyuzi 7 chini ya sifuri hita ikiwa imewashwa, na matokeo hayo huzingatiwa katika kuamua ruzuku. Januari 2023, tume yake ya biashara ya haki iliitoza Tesla faini ya won bilioni 2.85, takriban dola milioni 2.2 wakati huo, kwa kutowaambia wateja kwamba magari yake hufika umbali mfupi zaidi kwenye baridi. Tume ilisema kwamba pengo kati ya tangazo na hali halisi liliweza kufika asilimia 50.5.

Faini hiyo ilikuwa tone tu baharini kwa kampuni yenye utajiri kama huo. Uzito wake ulikuwa katika hoja iliyobebwa: kwamba kunyamazia hali ya baridi ni sawa na kumpotosha mteja. Inashangaza kwamba serikali nyingi za Ulaya, ambako theluji ni jambo la kila mwaka, zimewaachia mashirika ya wenye magari na majarida kazi ambayo Korea iliifanya kuwa ya sheria. Hakuna ugumu wowote wa kuandika nambari mbili badala ya moja.

Haki inadai pia kwamba petroli isivishwe kilemba cha ukoka. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya Marekani, gari la kawaida la petroli hupoteza takriban asilimia 15 ya umbali wake kwa kila lita baridi inapofika nyuzi 7 chini ya sifuri, na katika safari fupi hasara hiyo huweza kufika asilimia 24. Hakuna anayelalamika kwa sababu kituo cha mafuta kiko karibu na tangi hujaa kwa dakika tano.

Kuhusu kukataa kuwaka asubuhi, gari la umeme ndilo lililo afadhali. Kampuni ya Viking, inayokwamua magari yaliyoharibika nchini Norway, ilieleza kwamba katika siku za mwanzo za Januari 2024, wakati wa baridi ile kali, magari ya umeme yalikuwa takriban asilimia 13 tu ya yale yaliyokataa kuwaka. Yaliyobaki yalikuwa ya petroli na dizeli. Wakati huo magari ya umeme yalikuwa karibu robo ya magari yote madogo nchini humo. Baadhi ya tofauti hiyo hutokana na upya wa magari yenyewe, lakini haitoshi kuifuta.

Turejee sasa Chicago. Kilichowapata madereva wa jiji hilo hakikuwa fumbo. Aliyeegesha gari nje usiku kucha bila kulichomeka popote aliamka na betri iliyoganda na chaji iliyopungua. Akaendesha safari fupi hadi kituo cha umma, betri isipate muda wa kupata joto. Huko akakuta foleni, akawasha hita akingoja, na hita ikazidi kumla. Alipofikiwa na zamu, kompyuta ya gari ikakataa kupokea umeme kwa kasi. Kituo kilichozoea kuhudumia gari kwa dakika 30 kikawa kinahudumia gari moja kwa muda mara mbili au tatu, na foleni ikarefuka zaidi. Kila gari lililokwama lilikwamisha jingine.

Mwenzake wa Norway huchomeka gari nyumbani jioni. Asubuhi, kabla hajavaa viatu, huamuru gari kwa simu lijipashe joto, betri na viti pamoja, kwa umeme wa ukutani badala ya ule wa betri. Huondoka na betri iliyojaa na yenye joto. Desturi hiyo haikuanza na magari ya umeme. Katika nchi za Skandinavia na Kanada, hata magari ya petroli na dizeli yamekuwa yakiunganishwa na umeme usiku kwa miongo mingi ili injini zisigande. Wazo la kulilaza gari likiwa na waya si geni kwao. Fauka ya hayo, tangu 2018 sheria ya Norway inamhakikishia mwenye nyumba katika jengo la ghorofa haki ya kuwekewa mahali pa kuchajia, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Umeme wenyewe, ambao karibu wote hutokana na maji, kwa miaka mingi umekuwa nafuu.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la kemikali na kuwa la kitabaka. Aliye na nyumba yenye uwanja na soketi ya ukutani huliona punguzo la asilimia 30 kama usumbufu mdogo. Gari la kilomita 400 likifika 280 bado humpeleka kazini na kumrudisha mara kadhaa. Mpangaji asiye na pa kuchajia, anayenunua gari lililotumika ambalo betri yake ilikwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake, huanza na kilomita 200. Baridi humwachia 120. Wakenya wanaoishi Minnesota au Alberta, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa zamu za usiku, wana haki ya kuuliza gari litalala wapi kabla ya kuuliza rangi yake.

Iko pia hofu ya kukwama njiani dhoruba ikivuma, hofu ambayo si ya kuchekewa kwa sababu baridi huua. Januari 2022, mamia ya madereva walinaswa na theluji katika barabara kuu ya I-95 jimboni Virginia, Marekani. Miongoni mwao alikuwa Seneta Tim Kaine, aliyekaa barabarani kwa takriban saa 27. Wengi walijiuliza ingekuwaje kama magari hayo yote yangekuwa ya umeme.

Jibu linaweza kupigiwa hesabu. Gari lililosimama halitumii umeme kusukuma magurudumu. Betri ya kilowati-saa 60 iliyojaa nusu ina kilowati-saa 30, na hita ikitumia kilowati mbili, joto litadumu kwa saa 15. Dereva akiridhika na joto dogo na kutegemea kiti chenye kupashwa joto, ambacho hutumia umeme mchache sana, anaweza kupita siku nzima. Nusu tangi ya petroli nayo hudumu kiasi kinachokaribiana na hicho, ila injini inayonguruma ndani ya theluji yaweza kuzibwa ekzosi na kuwajaza abiria moshi wa sumu. Kwa upande mwingine, petroli huletwa kwa mtungi na msamaria mwema, ilhali umeme haubebeki hivyo. Aliyenaswa akiwa na asilimia 10 ya chaji yumo hatarini, sawa na aliyenaswa taa ya mafuta ikiwaka.

Teknolojia haijafika mwisho. Betri za madini ya chuma na fosfati, ambazo ni nafuu na hudumu, huathiriwa na baridi kuliko zile za nikeli, na ndizo zinazoenea kwa kasi katika magari ya bei ya chini. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza mwaka wa 2025 betri za sodiamu ambazo inadai huhifadhi sehemu kubwa ya uwezo wake hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Madai ya mtengenezaji ni ya kusubiriwa yathibitishwe barabarani, kama Wanorwe walivyokwisha kuonyesha.

Msomaji aliyeko Kenya anaweza kudhani kwamba haya hayamhusu, kwa vile baridi ya Limuru au Timboroa mwezi wa Julai haigandishi betri ya mtu. Ni kweli. Lakini jaribio lile la AAA la 2019 lilipima joto pia, na kwa nyuzi 35 huku kiyoyozi kikifanya kazi, umbali ulipungua kwa asilimia 17. Nyuzi 35 si jambo la ajabu Garissa wala Lodwar.

Halafu kuna milima. Gari lenye uzito wa kilo 1,600 likipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, mwinuko wa takriban mita 1,700, hutumia karibu kilowati-saa 8 kwa kupanda tu, mbali na zile za kusonga mbele. Kwa betri ya kilowati-saa 40, hiyo ni moja kwa tano ya chaji nzima. Akirudi pwani, dereva hurejeshewa sehemu ya umeme huo kupitia breki.

Na betri hiyo ya kilowati-saa 40 haikutajwa kwa bahati. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka minane tangu kusajiliwa, na magari yaliyotumika hutoka kwa wingi Japani. Maana yake ni kwamba Leaf zilizosajiliwa huko kuanzia 2019 zimo katika kundi linaloweza kuingia nchini mwaka huu wa 2026. Ni gari ambalo betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na ambalo lilizinduliwa kwao kwa nambari ya kilomita 400.

Nambari hiyo ilikuwa ya gari jipya, katika maabara, kwa kipimo ambacho Japani yenyewe ilikwisha kukiacha. Mnunuzi anayeagiza gari la aina hiyo anapaswa kuanzia hesabu yake kwenye zile kilomita 243 za Wamarekani, apunguze uchakavu wa betri kama unavyoonyeshwa na vipande 12 vilivyo kwenye dashibodi, kisha apunguze kiyoyozi kama anaishi pwani na mlima kama anakwenda bara. Vipande hivyo vionekane kwenye picha kabla ya pesa kutumwa Yokohama, na vihesabiwe tena gari likishashushwa bandarini.